Tumaini Alinyongwa Peke Yake

Makamanda, kila aliyekaa chumba cha mtihani wa Kiswahili analijua swali hili: "Mhusika mkuu amejiletea anguko lake mwenyewe. Thibitisha kwa hoja sita." Unaandika utangulizi, halafu unapanga hoja zako: tamaa, hasira, kiburi, ulevi, papara, kutosikia la mkuu. Kwenye hitimisho unasema jamii ijifunze. Unapata alama zako, unaenda zako.

Tatizo ni kwamba lile jibu tunatoka nalo hadi mtaani. Kijana kapigwa na walinzi, watu wanauliza alikuwa anatafuta nini pale. Mkulima kanyang'anywa shamba, wanasema naye alizidi ubishi. Tumefundishwa kumkagua aliyeumia mpaka tupate kasoro yake, na tukishaipata tunafunga daftari. Aliyemuumiza hakaguliwi na mtu.

Na sisi wa upande huu tuna ugonjwa wetu, tusidanganyane. Mtu akishapambana na dola, kwetu hana kasoro tena. Ni shujaa, picha yake inapanda kwenye status, na atakayeuliza swali anaitwa msaliti. Kule wanaona kasoro tupu, huku tunaona ushujaa mtupu, na kote huko hakuna anayetaka kufikiri.

Nataka tufikiri kwa kutumia riwaya moja na kesi moja. Riwaya ni Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, yule mzee wa Namagondo, Ukerewe, aliyezaliwa 1944 na kufariki Januari 2020. Kesi ni ya Said Mwamwindi wa Isimani, Iringa. Moja ni ya kubuni, nyingine ni ya damu, na zinafanana mpaka zinatisha.

Mtu anayeitwa Tumaini

Riwaya ilichapishwa mwaka 1975. Mhusika mkuu ni Tumaini, na ukiangalia jina tu unajua mwandishi alikuwa na lake moyoni. Tumaini anarithi mali, anaitapanya kwa anasa. Baadaye anaishia Shinyanga, na huko anageuka kuwa mtu mwingine: anafanya kazi, analima, anakuwa mkulima mkubwa mwenye pesa zake. Yaani tumaini linaanza kuonekana kweli.

Halafu inakuja siasa ya Ujamaa. Alichokijenga kinatakiwa kiwe cha wote. Tumaini hakubali. Anamuua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi.

Sasa ukiniletea lile swali la mtihani, ndiyo, hoja sita nitazipata bila kutoka jasho. Ana tamaa, ana hasira, anajipenda. Lakini Aristotle, yule Mgiriki wa kale ambaye walimu wengi wanamtaja tukifika kwenye tanzia, hakusema kwamba shujaa anastahili yanayompata. Alisema karibu kinyume chake. Tunamhurumia shujaa kwa sababu mateso yake yamezidi kosa lake. Angekuwa mwovu kabisa tusingemlilia, na angekuwa malaika tusingejiona ndani yake. Anakosea kama sisi, anaadhibiwa kuliko sisi. Hapo katikati, kati ya ukubwa wa kosa na ukubwa wa adhabu, kuna kitu kingine kilichofanya kazi, na ndicho ambacho mtihani hautuulizi.

Krismasi ya mwaka 1971

Mimi nasoma Dodoma. Basi la kutoka Kyela likishapita Iringa mjini linashika barabara ya Dodoma, na muda si mrefu unaingia Isimani. Abiria wengi wanakuwa wamelala. Kwangu ile ni sehemu ya kufungua macho.

Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Mkungugu, Isimani, kwenye shamba la Said Mwamwindi. Kleruu alikuwa msomi wa shahada ya uzamivu, na alikuwa mstari wa mbele kabisa kusukuma vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alikuwa mkulima wa mahindi mwenye nafasi yake, wa aina ile ambayo lugha ya wakati huo iliiita kabaila. Walibishana. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi Mkuu wa Mkoa, akamuua. Halafu akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaliendesha hadi polisi Iringa mjini na kujisalimisha.

Alishtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu mbele ya Jaji Onyiuke. Mwaka 1972 akahukumiwa kifo, na akanyongwa. Kleruu akapewa jina la chuo cha ualimu pale Iringa, kipo mpaka leo. Miaka minne baada ya ile Krismasi, Kezilahabi akamtoa Tumaini. Mimi siwezi kusoma ukurasa wa Tumaini anapoua bila kuliona lile gari linaingia Iringa mjini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapa wanyonge wako wawili. Kleruu naye alikuwa mtu, ana familia, alikufa siku ya sikukuu. Alikuwa na dosari za shujaa wa tanzia naye: aliamini jambo kubwa, na akaliamini kwa haraka kuliko watu aliotaka kuwapelekea. Ukimfanya shetani ili Mwamwindi abaki malaika, umerudi kulekule kwenye uvivu.

Sheria ilikuja mwisho

Nikiwa mwanafunzi wa sheria, kinachonikosesha usingizi kwenye kesi hii ni ratiba ya sheria yenyewe. Fuatana nami.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha linatangazwa. Mwaka 1971, Februari, TANU inatoa Mwongozo wake, na ndani yake kuna kifungu cha 15 kinachowakataza viongozi ubabe, dharau na uonevu. Kizuri kabisa. Ila sasa wewe niambie, mkulima wa Mkungugu aliyeona anaonewa angelipeleka wapi hilo lalamiko? Mwongozo ulikuwa wa chama, na chama ndicho kilichokuwa mlangoni kwake. Kwenda mahakamani kudai haki za binadamu? Katiba ya Muda ya 1965 haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo unaweza kuifungulia kesi. Haki zilitajwa kwenye utangulizi tu, kama pambo. Sura ya haki iliingizwa kwenye Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaweza kuitumia mahakamani kuanzia Machi 1988. Mwamwindi alikuwa ameshanyongwa zamani.

Halafu angalia alipoua. Siku hiyohiyo sheria ikapata miguu. Akapata jaji. Akapata wazee wa baraza. Akapata nafasi ya kusema, na maneno yake yakaandikwa. Kila alichokihitaji kabla ya risasi, alikipata baada ya risasi. Wakati wa kumsikiliza sheria ilikuwa safarini, wakati wa kumnyonga ikawa imefika.

Tusiseme basi kwamba sheria haina huruma na kasoro za binadamu, kwa sababu inayo. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 201 na 202, inasema mtu aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa anahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, na inataka tupime kwa mtu wa kawaida wa jamii yake mwenyewe. Yaani sheria inauliza pia nani alianza, alifanya nini, na mtu wa kawaida angelibebaje. Imeuzidi mtihani wa fasihi kwa haki! Kwa Mwamwindi njia hiyo haikufunguka, alitiwa hatiani kwa mauaji kamili, na kwa mauaji sheria yetu inatoa adhabu moja tu. Hadi leo kifungu cha 197 hakimpi jaji nafasi ya kuchagua, japokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapohapo Arusha, ilishasema Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima namna hiyo inavunja haki ya kuishi.

Kwa hiyo aliyechimba shimo tumemwona: ni mfumo uliompa kiongozi mamlaka yote na kumpa mwananchi masikio tu. Kasoro ya Tumaini inaeleza alivyoteleza. Haielezi kwa nini pale mlangoni palikuwa na shimo.

Kasoro yenyewe ni ipi?

Sasa nigeukie upande wetu, na hapa najua baadhi yenu hamtanipenda.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Bujonde. Mpunga umeshavunwa, kakao inaanikwa, na kijiweni stori ni bei tu na siasa. Kuna kaka mmoja alikuwa na hasira ya haki kabisa. Kwenye kijiji kimoja cha kwetu huko, mashamba ya mpunga ya familia nne, ya kwao likiwemo, yaliwekewa vigingi. Hawakuitwa kwenye mkutano, hawakuona barua, na fidia haikutajwa. Akanigeukia:

"Wakili," ndivyo wanavyonitania, ingawa hata shahada sijamaliza, "hawa dawa yao ni moja. Mwamwindi."

Watu wakacheka. Nikamuuliza, "Kaka, watu wa Isimani walirudishiwa mashamba baada ya yule mzee kunyongwa?"

Akanyamaza. Mwingine akadakia, "Alikufa kiume lakini."

Kufa kiume. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya ile hukumu, kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Ile risasi haikuirudisha nyuma Operesheni Vijiji hata hatua moja. Iliwapa wenye mamlaka maiti ya kuzika kwa heshima na sababu ya kukaza kamba.

Nikamuuliza tena, "Majirani zako ng'ambo ya vigingi wanasemaje?"

"Wanasema hayawahusu."

"Na mwaka jana wenzako wa kule bondeni walipowekewa vyao, wewe ulisemaje?"

Hakunijibu, akaanza kuchokoa udongo kwa kidole cha mguu. Kwa kweli sikuhitaji jibu.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya Tumaini. Hasira kila mtu anayo. Tamaa tunayo wote, tusijifanye. Kasoro iliyomuua Tumaini ni upweke aliouchagua mwenyewe. Alipokuwa na urithi, aliula na marafiki wa starehe. Alipokuwa na shamba, lilikuwa lake na jasho la vibarua. Haki aliikumbuka siku ilipoguswa ya kwake, na siku hiyo akageuka nyuma akakuta hakuna mtu. Hakuwa na ushirika, jirani wala chama. Mtu aliyebaki peke yake mbele ya dola hana silaha nyingi za kuchagua, na ile aliyoichagua ndiyo dola inaijua kuliko yeye.

Mnamkumbuka Okonkwo wa Chinua Achebe, ile riwaya ya 1958 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo? Ni yaleyale. Mwanaume shupavu, mbabe nyumbani kwake, anaogopa kuonekana dhaifu kuliko anavyoogopa kufa. Anamkata kichwa mjumbe wa wakoloni akitegemea Umuofia yote itainuka nyuma yake. Hainuki. Watu wanauliza kwa nini amefanya vile. Anakwenda kujinyonga. Miaka yote aliwatumia watu kama ngazi ya sifa zake, hakuwahi kukaa nao chini kupanga. Alipoamua, aliamua peke yake, na akafa peke yake.

Wazee walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tumaini hakutia maji. Okonkwo hakutia maji. Na yule kaka wa kijiweni, kwa hasira zake zote nzuri, naye kichwa kilikuwa kikavu.

Shujaa wa pili, aliyejaribiwa kwa sheria

Sasa mtu atasema, wewe dada unatuambia tukae kimya. Hapana. Nawaletea shujaa mwingine wa riwaya yetu, mzee kuliko Tumaini. Anaitwa Karama, yuko kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza.

Kosa la Karama linanifurahisha sana mimi na wenzangu darasani: ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Basi! Katika nchi ile inayoelea angani, kufundisha watu sheria ni hatari kwa dola, na mshtaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Shaaban Robert hakuhangaika kuficha jina.

Karama anaomba kujitetea, anapewa siku sita. Na katika siku hizo hatumii muda kulilia maisha yake. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika, kila mmoja upande wake, wakarudi na mafunzo mema kwa nchi, na wote wakatupwa gerezani. Anawaleta watu waliosahaulika mbele ya mfalme, mmoja baada ya mwingine. Mpaka anamaliza, kesi si ya Karama tena, ni ya Kusadikika nzima. Na anapoachiwa huru, na wajumbe wanatoka.

Najua mtanipinga: ile ni hadithi, mfalme wa Kusadikika alisikiliza, wa kwetu je? Hoja nzuri. Mimi sina ahadi ya mfalme msikivu. Ninachokiona ni tofauti ya namna watu wawili wanavyoingia kwenye hatari. Tumaini aliingia na jambo lake, likazikwa naye. Karama aliingia na mambo ya wenzake, na hata angenyongwa, majina ya wale sita yalikuwa yameshasikika barazani na yasingeweza kurudishwa gizani.

Sheria iliyotaka tuwe akina Tumaini

Msidhani nazungumzia vitabu tu. Katiba yetu, ibara ya 26(2), inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Kila mtu, haisemi kila aliyeumizwa. Ni ibara ya kutia maji mwenzako anaponyolewa. Wananchi wengi na mashirika wameitumia kusimama kwa ajili ya wengine.

Mwaka 2020 Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria mbalimbali, na moja ya zilizoguswa ni Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Kwa mabadiliko hayo, aliyetaka kufungua shauri la haki za binadamu alitakiwa aape kiapo kinachoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Tafsiri yake ya mtaani ilikuwa rahisi: kama shamba si lako, kaa pembeni. Subiri zamu yako.

Yaani kile kilichomuua Tumaini, ile tabia ya kungoja mpaka liguswe la kwako, sisi tulikiandika kuwa sharti la kuingia mahakamani. Ningekuwa mwalimu wa fasihi ningelitoa hilo liwe swali la mtihani.

Ndiyo maana nasema vita ya kuilinda nguvu ya ibara ya 26(2) ni vita ya mkulima wa Bujonde, hata kama hajawahi kuisikia. Mjane mwenye robo eka ya mpunga hana nauli ya kwenda Mahakama Kuu Mbeya, achilia mbali kuapa viapo. Anahitaji mtu mwingine aruhusiwe kumsemea.

Tufanye nini basi

Yale mashamba ya vigingi, niwape habari zake. Hakuna miujiza iliyotokea. Tulikaa na zile familia nne, halafu yule kaka mwenyewe akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wa bondeni, wale ambao mwaka jana hakuwasemea. Alipokewa vibaya nyumba mbili za kwanza. Akaenda ya tatu. Wakaungana kudai mkutano mkuu wa kijiji, na wakaudai kwa maandishi.

Kwa sababu, makamanda, tofauti na Mwamwindi mwaka 1971, sisi tuna vitu vya kushika mkononi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ardhi ya mtu ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Haya yote hayatekelezwi yenyewe, najua. Ila ni tofauti kubwa kati ya kuwa na mlango uliofungwa na kutokuwa na mlango kabisa.

Mkutano ulikaa. Kelele zilikuwepo, ila muhtasari uliandikwa na watu wakauona. Vigingi bado vimesimama mpaka ninavyoandika hapa, lakini wanaolima pale ni wenyewe. Haijaisha. Na hakuna aliyekufa kiume.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni haya, na ni madogo tu.

Mkisikia mtu ameonewa na mkasikia pia kwamba ana kasoro, zipokeeni habari zote mbili. Alikuwa mlevi? Inawezekana. Ana kiburi? Inawezekana. Haki ya kusikilizwa haitolewi kwa watu wapole tu. Ingekuwa hivyo isingekuwa haki, ingekuwa zawadi.

Kiongozi wetu au kamanda wetu akikosea, tuseme amekosea, hata kama tunampenda na hata kama yuko ndani. Hatutamdhoofisha kwa hilo. Tutakuwa tumemwepusha na kile kiti cha shujaa asiye na kasoro, ambacho ni kiti cha upweke kuliko vyote.

Acheni kuandika mitandaoni kwamba tunahitaji Mwamwindi mwingine. Anayeandika hivyo kwa kawaida anataka awe mtu mwingine, si yeye, na mama wa huyo mtu mwingine ndiye atakayebaki na kaburi. Mmeona jinsi risasi moja ya Isimani ilivyowasaidia waliotaka kukaza kamba.

Na la mwisho: wiki hii, tafuta jambo moja ambalo halikuhusu. Kesi ya jirani, mkutano wa kijiji cha pili, madai ya wakulima wa kakao wakati wewe familia yenu ni ya mpunga. Nenda, kaa, sikiliza, andika majina na tarehe. Hata usipofungua shauri kwa niaba yao, sheria haikuzuii kukaa kwenye benchi la nyuma ukaonekana. Mtu anayejua kwamba benchi la nyuma limejaa hachukui bunduki kirahisi, na anayemwonea naye haonei kirahisi.

Kezilahabi alimpa yule kijana jina la Tumaini, halafu akampeleka kwenye kitanzi. Wengi wanasoma pale wanaona mwandishi amekata tamaa. Mimi nasoma onyo: tumaini la mtu mmoja hunyongeka. La watu wengi linahitaji kamba ndefu sana.

Mapambano yanaendelea.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Bujonde, Kyela.